Mume wangu anasubiri kupandikizwa ini: je, nimnyime samaki na mayai?

Mama wa Kondele, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Mume wangu ana makovu ya ini yaliyoletwa na homa ya ini aina ya B, na daktari ametueleza kwamba dawa anazotumia ni za kumvusha tu mpaka apandikizwe ini jingine. Shemeji yangu mdogo amekubali kumkatia sehemu ya ini lake, nasi tunachanga pesa za safari ya India. Ninalouliza ni la hapa nyumbani. Jirani ananiambia nimnyime samaki, mayai na maharagwe kwa kuwa vinachanganya akili, na kweli juzi, saa nane za usiku, nilimkuta amevaa shati nje ndani akitafuta ufunguo aende kazini. Nifanyeje?

Msomaji wa Nakuru
Pole sana, mama. Mpeleke hospitali leo, usingoje kliniki yake. Tulipokuwa tukimuuguza baba tulifundishwa kwamba ini likishindwa kuondoa amonia, sumu hiyo hufika kwenye ubongo, na mara nyingi kuna kilichochochea: kufunga choo, kutokwa na damu tumboni, au maambukizi katika maji yanayojaa tumboni kwa ugonjwa huu. Ikiwa amepewa laktulozi, ile dawa ya maji ya kulainisha choo, kipimo chake ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku, hata kama yeye analalamika. Sisi tulimpa baba daftari aandike jina lake kila asubuhi; herufi zilianza kuyumba siku moja kabla hatujaona jambo jingine lolote.

Muuguzi mstaafu, Kakamega
Ushauri wa jirani ulikuwa wa zamani, hata sisi tuliwahi kuutoa. Siku hizi mgonjwa kama huyu hanyimwi protini, kwa sababu misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na akikonda sana upasuaji utamwia mgumu. Mpe samaki wa ziwani asiyetiwa chumvi, mayai, maharagwe na maziwa, kidogo kidogo mara nyingi, pamoja na uji mzito kabla ya kulala, maana kukaa usiku kucha bila chakula kunamla misuli. Cha kubana ni chumvi: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyomo katika mkate na viungo vya pakiti. Mpime uzito kila asubuhi. Dawa za maumivu kama dikilofenaki na ibuprofeni asiziguse kabisa, na akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, hiyo ni dharura. Ninyi wengine nyumbani mpimwe homa ya ini B, na asiye nayo achanjwe, shemeji atangulie.

Tuliyekwenda India
Nyongeza yangu ni ya makaratasi. Mchangiaji mgeni lazima athibitishwe na ubalozi kuwa ni ndugu, na sisi tulipoteza wiki tano kwa sababu jina la baba liliandikwa kwa namna mbili katika vyeti viwili vya kuzaliwa. Vikague sasa, kabla hamjanunua tiketi.

Mama wa Kondele, Kisumu
Nimewasoma wodini. Maji ya tumbo yalikuwa na maambukizi, na amewekewa dawa ya mshipa. Nimemnunulia daftari: leo ameandika jina lake mara mbili, la kwanza likishuka nje ya mstari, la pili likikaa juu ya mstari.