Dabo IPA zenye ukungu: tunauziwa mashapo kwa bei ya bia

Wanajamvi, sisi wapenzi wa bia tunaoishi Marekani tumechoka kuambiwa kwamba hatujui kuonja kila tunapozihoji hizi dabo IPA zenye ukungu, yaani bia kali zisizong'aa, zilizojaa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu). Binafsi nina shaka nazo tangu zilipoanza kujaa madukani, na kopo nililonunua juzi hapa Massachusetts, la kiwanda kidogo ambacho sitakitaja, limenitia hasira.

Nililipoza vizuri, nikamimina taratibu kwenye glasi safi. Harufu sina ugomvi nayo: embe bivu, ganda la chungwa na pasheni kwa mbali, mambo ambayo hopsi za Citra na Mosaic huyatoa bila shida. Funda la kwanza lilikuwa laini, tamu, karibu halina uchungu. Kadiri nilivyoendelea, koo lilianza kuwasha na ulimi ukashikwa na ukakasi usioondoka hata kwa maji. Mwishoni nikakuta tope la kijani limeganda chini ya kopo.

Nilipowaandikia wenye kiwanda, walinijibu kwamba ndivyo bia za aina hii zilivyo. Si kweli. Ukungu unaostahili hutokana na protini za oti na ngano zinaposhikamana na polifenoli za hopsi (kemikali za mmea zenye ukakasi), nao huelea. Kinachozama ni vipande vya hopsi na hamira, ambavyo vingetulia ndani ya tangi kama mpishi angekuwa na subira, na hivyo ndivyo vinavyowasha koo. Wala msijitetee kwa kusema naogopa bia isiyong'aa, maana mimi nimekulia Moshi, na mbege haijawahi kung'aa.

Heady Topper, dabo IPA ya mpishi wa bia John Kimmich, iliyozaliwa Waterbury, Vermont, na kuanza kuuzwa kwenye makopo mwaka 2011, ina kilevi cha asilimia 8 na ukungu wake, lakini uchungu wake unausikia waziwazi na unakualika kunywa tena. Waliofuata wengi waliiga ukungu wakaacha uchungu. Mwaka 2018 Brewers Association, chama cha watengenezaji bia wadogo wa Marekani, ilipozitengea bia hizi kundi lake rasmi, naona kila mvivu alipata pa kujificha.

Jambo jingine ni tarehe. Bia yenye hopsi nyingi kiasi hiki huharibiwa upesi na oksijeni: rangi hugeuka kijivu au kahawia, harufu ya matunda hupotea, na joto huharakisha yote hayo. Hata hivyo, kopo langu la mililita 473 halikuwa na tarehe ya kujazwa, na dukani lilipangwa kwenye rafu ya kawaida, mbali na friji, likiuzwa karibu mara mbili ya bei ya lager nzuri ya Kijerumani.

Kwa hiyo naomba wanaozitetea wanijibu hapa: kwa nini mnunuzi asidai tarehe ichapishwe kwenye kila kopo, na kwa nini asirudishiwe fedha zake anapokuta tope?