Sinema za nje zilizotafsiriwa na madijei: zifungiwe au zipewe leseni?

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira kidogo, mnivumilie.

Mtaani kwetu kulikuwa na kijana mwenye laibrari ya muvi. Chumba kimoja, kompyuta moja, feni yenye kelele kuliko spika. Unampa flashi yako, anakuwekea sinema kwa shilingi 500. Sizoni nzima mnaelewana. Nusu ya mzigo wake ni za kutafsiriwa. Mkorea, Mhindi, Mchina, Mmarekani, wote wanaongea Kiswahili kwa koo la mtu mmoja. Jumamosi nimekwenda nikakuta kufuli. Majirani wanasema aliambiwa afunge, la sivyo kompyuta inabebwa.

Mama yangu ana miaka 71. Maandishi ya chini ya skrini yanamshinda, hata yawe ya Kiswahili, maana yanapita kabla macho hayajafika. Kwake sinema ya nje ni ile ya DJ, yule anayeieleza yote kwa Kiswahili, nyingine ni watu wanafumbua midomo tu. Niseme wazi nilipo: hawa watafsiri wapewe leseni, walipe kodi, wakaguliwe, lakini wasifutwe. Anayepinga aje na hoja, matusi tuyaache nyumbani.

Mwigizaji

Mama yako namheshimu, shikamoo yake ifike. Lakini umeanza na mama ili tuone haya kukupinga.

Mimi ni mwigizaji wa kawaida, zile sehemu za "shemeji aliyekuja kudai hela". Aprili 2017 nilikuwepo Kariakoo wasanii tulipoandamana kupinga sinema za nje. Watu walitucheka mpaka leo wanatucheka. Ngoja niwaeleze tulichokuwa tunakiona sisi. Filamu yangu ilipita Bodi ya Filamu, ikalipiwa. Tangu 2013 kila nakala ilitakiwa ibandikwe stempu ya TRA, watu wa kodi. Nakala inafika dukani, pembeni yake kuna DVD ya nje, diski moja sinema ishirini, haina stempu, haina mwenyewe, na bei ni ileile au pungufu. Hata kama filamu yangu ni nzuri kama nini, nitashindanaje na ishirini kwa moja?

Mchangiaji

Tengenezeni nzuri kwanza. Stelingi anaamka asubuhi kalala na wanja na lipstiki.

Mwigizaji

Alilala nayo kwa sababu tulikuwa na siku nne za kupiga picha na taa mbili za kukodi. Niambie umewahi kununua nakala halali ya filamu ya Kitanzania, hata moja, halafu tuendelee.

Muuza kanda mstaafu, Dar

Vijana, mimi niliuza kanda Kariakoo tangu enzi za VHS, kwa hiyo nitasema bila kupaka rangi. Tuliiba. Hakuna aliyewahi kutuletea karatasi kutoka Hong Kong wala Bombay, na sisi hatukuuliza.

Ila msiongee kana kwamba DJ ni mtu wa kubonyeza kitufe. Mwanzoni kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, mtu alikuwa anasimama na maiki pembeni ya televisheni, anaeleza hapohapo huku sinema inakwenda. Baadaye sauti ikaanza kurekodiwa juu ya kanda yenyewe: muziki na risasi unaviacha, maneno unayashusha, unaingia wewe. Lufufu, yaani Kapteni Mukandala, ndiye aliyeifanya iwe biashara ya jina. Mteja wangu alikuwa haulizi kuna sinema gani. Anauliza, "Kuna Lufufu mpya?" Titanic niliiuza kwa watu ambao walishaiona kwa Kiingereza, walitaka kuisikia. Kuna mtafsiri mmoja wa hapa Dar aliifananisha kazi hii na kuugeuza wali kuwa pilau. Wali ni wa mwenzio, sawa. Lakini viungo, moto na mkono ni vyako.

Na kituko chake ni hiki. DJ akimaliza kazi, kila baada ya dakika kadhaa anajitaja jina na namba ya simu, asije mwingine akamwibia. Analinda kwa wivu kazi ambayo naye hakuinunua.

Wakili

Mzee wangu hapo juu amesema kweli nusu ya kwanza. Kisheria suala hili halina utata mkubwa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999. Haki ya kutafsiri kazi ni ya mwenye kazi. Viungo vyako ukiviweka kwenye wali wa wizi, sahani nzima inabaki na kesi.

Kwa hiyo "leseni" ya mleta mada ina shida ya msingi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, hawawezi kukupa ruhusa ya kitu kisicho chao. Anayeweza kuitoa yupo Los Angeles, Mumbai au Seoul, hayupo Dodoma. Najua mtu atakuja kuniambia Berne ina kiambatisho kinachozipa nchi zinazoendelea mwanya wa kutafsiri bila ridhaa ya mwenye kazi. Upo, lakini ni wa kufundishia na utafiti, siyo wa Jackie Chan.

Msomaji, Nakuru

Huku kwetu DJ Afro ndiye alitulea. Wengine tulijua kung fu kupitia kwake, Kiingereza kikaja baadaye shuleni. Na Kampala maVJ kama VJ Jingo wamefanya hivyohivyo kwa Kiganda, kwa hivyo hili si jambo la Bongo peke yake.

Lakini wakili, hebu nikuulize. Unasema "kutafsiri". DJ Afro hatafsiri bana. Adui akisema sentensi moja, yeye anaongeza nne, anamchokoza, anamkumbusha deni la soko, anatabiri atakavyopigwa. Ukimpa mtu aandike maneno yote ya DJ kisha ayalinganishe na ya sinema, hutapata hata robo inayofanana. Sasa hiyo ni tafsiri ama ni kazi mpya?

Wakili

Swali zuri. Kama angeuza sauti yake peke yake na wewe ukaicheza pembeni ya diski uliyoinunua, ningekuwa na kazi ngumu mahakamani. Lakini anauza na picha.

Dada wa Mwanza

Naomba niwatoe kwenye kung fu kidogo, maana mnaongea kana kwamba sinema za nje zote ni za kupigana.

Mnaikumbuka ile tuliyoiita filamu ya mapanki, yaani mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kutolewa? Darwin's Nightmare, dokumentari ya Hubert Sauper, 2004. Sangara, ndege za mizigo, wanawake, watoto wa mitaani, minofu inakwenda Ulaya na mifupa inabaki kwetu. Ilizunguka Ulaya, ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani na hapa Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Nilikuwa sekondari. Niliwauliza waliotoka kwenye maandamano kama wameiona. Hakuna. Mtaa mzima ulikuwa na msimamo mkali juu ya sinema ambayo hakuna aliyeitazama.

Miaka baadaye kaka yangu akatuletea DVD yake halisi kutoka Ujerumani, ndani ya plastiki. Tukakaa familia nzima. Deki ikaandika kwamba haiwezi kusoma diski hiyo. Ndipo nikajifunza kuwa dunia imegawanywa vipande: Ulaya ni kanda namba 2, Marekani namba 1, sisi huku namba 5 pamoja na India na Urusi. Diski ya kanda moja deki ya kanda nyingine inaikataa, na imetengenezwa makusudi hivyo. Ile ya ishirini kwa moja ya mtaani haijawahi kunigomea hata siku moja. Nikaja kuitazama kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo inakubali kubadilishwa kanda mara tano tu, basi.

Na nilipoiona, kilichoniuma siyo yale aliyoyalalamikia Rais. Kuna watu mle wanaongea Kiswahili, lafudhi yetu hii ya ziwani, na ili mnunuzi awaelewe wamewekewa maandishi ya lugha za Ulaya. Sehemu za Kiingereza na Kirusi sasa, bibi yangu aliyezaliwa kilomita chache kutoka pale akizitaka, hana pa kushika. Toleo lake halipo. Wakili, mimi nipo tayari kulipa. Niambie dukani naomba nini.

Wakili

Dada, hapo sina jibu la dukani.

Mchangiaji

Diski zimeshakufa jamani. Netflix wenyewe waliacha kutuma DVD kwa posta Septemba 2023. Lipieni bando mtazame mtandaoni kama binadamu wengine.

Dada wa Mwanza

Bando la kutazama sizoni nzima linalipa wiki ya mboga kwangu. Na ukishalipa, nenda kwenye orodha ya sauti utafute Kiswahili. Mimi nimekikuta mara chache sana. Pia usiseme diski zimekufa, sema zimekufa huku. Mandabi ya Sembène, yule mwongozaji wa Senegal, ya mwaka 1968, imeigizwa kwa Kiwolof, ilisafishwa upya na 2021 ikatolewa kwenye diski Marekani na Uingereza. Wapo wanaonunua. Ni sisi Waafrika ambao kuipata sinema ya Mwafrika mwenzetu inabidi uagize ng'ambo.

Msomaji, Nakuru

Dada umegonga ndipo. Lakini hapohapo mimi nageuka. Kwa vita na mapenzi DJ aongeze chumvi apendavyo. Ukimpa dokumentari ya mapanki aieleze kwa mtindo ule, ataweka maneno kwenye kinywa cha mvuvi wa kweli, mwenye jina na watoto. Hapo sitaki DJ. Nataka mtu anisomee kilichosemwa.

Muuza kanda mstaafu, Dar

Hapo nakuunga mkono. Dokumentari sikuwahi kuiuza hata moja iliyotafsiriwa. Madijei hawakuzitaka, hazina stelingi.

Mleta mada

Nimesoma zote. Wakili amenivua nguo, nakubali, leseni ya serikali haiwezekani kwa namna nilivyoiwaza. Lakini mbona wenye mali wakitaka Kiswahili kinawezekana? Mwaka 2011 TBC ilionyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, kila mhusika na sauti yake, ikapendwa mpaka Xi Jinping alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba. Azam wakaja na Sultan ya Waturuki, mitaa ikawa inatulia jioni. Hapo hakuna aliyeibiwa. Kwa hiyo mimi sasa nabadilisha: tuwabane wenye mali na wasambazaji. Ukitaka kutuzuia nakala ya DJ, tuletee ya kwako. Kama hutaki kuileta, usije na polisi kwa kijana mwenye feni mbovu.

Mwigizaji

Leo nakubaliana na wewe, sijui nini kimenipata. Zile kazi za kuingiza sauti zimelisha wenzangu. StarTimes, wale Wachina wa ving'amuzi, waliendesha shindano la kutafuta sauti za Kiswahili na walioshinda wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Sinema moja ikiingizwa sauti kwa njia hiyo ni watu kumi au zaidi wamepata chochote. Ya DJ ni mtu mmoja. Sipingi sinema za nje, napinga kushindana na kitu cha bure.

Lakini sharti lako la mwisho silitaki. "Usipoleta Kiswahili nitachukua" ni maneno ya mwizi mwenye adabu. Filamu yangu haina tafsiri ya Kikorea. Mkorea aichukue?

Mleta mada

Akiichukua akaiweka Kikorea na mama yake akacheka, nitakupigia simu nikupe hongera.

Utani tu. Kwa kweli hapo sina jibu safi. Ila niwape kisa cha mwisho. Baada ya laibrari kufungwa nilimwekea mama ile Sultan, halali kabisa, sauti nyingi, zimepangwa vizuri. Akatazama vipande viwili kimya. Cha tatu akaniuliza, "Huyu anayeelezaga kalala?" Nikamwambia hakuna wa kueleza, wanaongea wenyewe. Akasema, "Sasa nitajuaje nani mbaya?"

Msomaji, Nakuru

Hahaha! Mpe mama maiki.

Muuza kanda mstaafu, Dar

Mleta mada, mwambie mama nina kasha la kanda za Lufufu chini ya kitanda, VHS, zaidi ya sitini. Kama kuna anayejua fundi wa deki ya VHS anayefanya kazi bado, anielekeze. Nilifungua mwezi uliopita, kumi na tatu zimeshaingia ukungu. Na wakili, nikizihamishia kwenye flashi kabla hazijaoza, hiyo nayo ni kesi?

Wakili

Ni kesi mbili, mzee. Ya mwenye sinema na ya mwenye sauti. Lakini fundi namjua, nitakutumia namba faragha.