Modeli ya magonjwa ya muhogo: 97% kwenye kompyuta, shambani inafeli

jani_la_tatu
Wakuu, naomba msaada. Ninafundisha modeli (programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano) itambue magonjwa mawili ya muhogo, batobato na michirizi kahawia, kwa picha za simu. Kwenye kompyuta inapata 97%. Ikifika shamba jipya, mimea yenye michirizi kahawia inasema haina ugonjwa. Niongeze picha au nibadilishe modeli?

Kisamvu
Modeli iache kwanza. Picha umezigawaje? Kama ulizichanganya zote ukatenga 20% za kupimia kwa bahati nasibu, basi majani ya mmea mmoja yako pande zote mbili, na modeli imekariri mashamba yako. Gawa kwa shamba: shamba zima liwe la kufundishia au la kupimia. 97% itashuka, na hiyo itakayobaki ndiyo alama yako ya kweli.

Mwaka 2016 watafiti Mohanty na wenzake walipata 99.35% kwa PlantVillage, hazina ya picha 54,306 za mimea, majani yaliyochumwa na kupigwa picha juu ya mandhari ya rangi moja. Kwa picha zilizotoka kwingine ikaporomoka hadi karibu 31%.

jani_la_tatu
Asante mkuu, niligawa kwa bahati nasibu kweli. Picha nyingi nimetumiwa kwa WhatsApp, za majani ya juu.

mtafiti_mizizi
Hapo kuna makosa mawili. WhatsApp inabana picha na kufuta taarifa za mahali ilipopigwa. Zitumwe kama faili. La pili ndilo kubwa zaidi: batobato huonekana kwenye majani machanga ya juu, lakini michirizi kahawia hujionyesha kwenye majani yaliyokomaa ya chini, umanjano ukifuata mishipa midogo. Kwa majani ya juu peke yake, modeli haina cha kujifunza. Piga jani moja moja, uso wa juu, ukilikinga jua kali kwa mwili wako. Weka pia picha za majani yanayozeeka na yaliyoshambuliwa na utitiri wa kijani, la sivyo kila umanjano utaitwa ugonjwa.

Kisamvu
Niongezee upande wa takwimu. Shamba liwe la miezi 3 hadi 6. Kagua mimea 30 kwa kufuata mistari miwili ya kona kwa kona, 15 kila mstari, kila mmoja upewe alama 1 (hauna dalili) hadi 5 (dalili kali zaidi). Ingiza kwenye ODK Collect, programu ya simu ya kujaza fomu, papo hapo; haihitaji mtandao, na GPS isubiri usahihi wa mita 5.

Wengi hukosea wastani wa ukali: wanajumlisha na mimea yenye alama 1. Mfano, mimea 12 kati ya 30 ina ugonjwa: kiwango cha maambukizi ni 40%. Kama sita ina alama 2, minne 3 na miwili 4, ukali ni 32 ÷ 12, yaani 2.67. Ile 18 haihusiki.

mtafiti_mizizi
Na lebo, yaani jina la ugonjwa unaloipa kila picha, zisitoke machoni tu. Kuna aina za muhogo ambazo majani hayaonyeshi kitu huku mizizi imeoza kahawia ndani. Chukua sampuli za maabara kwenye sehemu ya mimea hiyo, kila moja na namba ileile ya picha yake. Waambie maabara unatafuta nini: virusi vya michirizi vinasaba vyake ni vya RNA, vinahitaji RT-PCR (kipimo kinachogeuza RNA kuwa DNA kwanza), vya batobato ni vya DNA, PCR ya kawaida, kipimo cha kurudufu DNA ili ionekane, inatosha. Mmea wenye virusi usio na dalili kwenye jani usiuwekee lebo ya ugonjwa kwenye picha. Uweke kundi lake, kwa sababu kamera haiwezi kuona kisichokuwepo kwenye jani.