Mjadala: Je, kazi ya kuwasaidia watafuta ajira ikabidhiwe kampuni binafsi?

Wakuu, kila malalamiko ya ajira yanapopamba moto huibuka hoja hii: serikali imeshindwa kuwaunganisha vijana na waajiri, basi kampuni binafsi zipewe kazi hiyo, zilipwe kwa kila mtu zinayemwingiza kazini. Wanaoitetea wana sababu. Huduma ya ajira ya serikali ya Tanzania, TaESA, ipo miaka mingi sasa, lakini nina shaka kama kijana wa Newala au Sumbawanga anajua aende mlango gani.

Mimi napinga. Sisemi serikali inafanya vizuri. Napinga kwa sababu iko nchi iliyokwisha kulifanya jambo hili hadi mwisho, ikiwa na fedha na uwezo wa usimamizi kutuzidi sisi mbali sana, na sasa inahangaika namna ya kurudi nyuma.

Australia ilikuwa na idara ya umma ya ajira tangu 1946. Mei 1998 serikali ya John Howard iliifunga na kuleta mfumo wa Job Network, ambamo taasisi zaidi ya 300 ziligawana mikataba: kampuni za biashara, mashirika ya dini, vyama vya hisani. Ahadi ilikuwa kwamba ushindani utazaa huduma za kila aina na kila mtu atapata inayomfaa. Mikataba ilivyozidi kupigwa mnada, wadogo wakamezwa. Kufikia 2015, mfumo ulipopewa jina la jobactive, watoa huduma walikuwa 44 tu. Ripoti ya wataalamu ya 2018 ilikuta kila mshauri anahudumia wastani wa watu 148, na waajiri waliotumia mfumo huo walikuwa asilimia 4. Watu 148! Hapo mtu hasaidiwi, anapigiwa muhuri tu.

Tatizo liko kwenye malipo. Kampuni zililipwa mtu akidumu kazini wiki 4, kisha 12, kisha 26. Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja mwenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi. Utamhangaikia nani? Mhitimu mwenye vyeti, ambaye angepata kazi hata bila wewe. Mama aliyelea watoto miaka kumi na mitano, mwenye ulemavu, aliyetoka gerezani, hao utawaandikisha kisha utawaacha kwenye daftari. Huhitaji kuwa mwizi ili ufanye hivyo, maana mkataba wenyewe unakusukuma. Waaustralia waliliona mapema, wakawapanga watu kwa madaraja na kuweka malipo makubwa kwa wale wagumu kuajirika, lakini bado wengi wao waliachwa nyuma. Novemba 2023 kamati ya Bunge lao iliyoongozwa na Julian Hill ilitamka kwamba ubinafsishaji kamili umeshindwa na kupendekeza serikali irudishe mkono wake katika huduma hiyo.

Tulete hapa kwetu. Kule angalau kazi inahakikiwa kwa hati ya mshahara na kumbukumbu za serikali. Huku, ambako wengi wetu tunaishi kwa kibarua, bodaboda, genge na shamba, kampuni itathibitishaje kwamba fulani amefanya kazi wiki 26? Kuna njia mbili tu. Ya kwanza ni kuhesabu ajira rasmi pekee, na hapo fedha yote itaishia kwa wahitimu wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Ya pili ni kukubali barua ya mwenye duka au mwenye gereji, na sote tunajua barua hizo zinavyopatikana.

Kuna na hatari ya mtafuta kazi mwenyewe kukamuliwa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unasema wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Lakini waulizeni mabinti wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani wamelipa nini njiani: pasipoti, vipimo, “usumbufu”. Tukimpa wakala huyo nembo ya serikali, nani atathubutu kumkatalia?

Nasikia wanaosema: basi tubaki na ofisi za kunywa chai? Hapana. Napendekeza dawati la ajira katika kila halmashauri, lenye afisa anayejua viwanda, mashamba na miradi ya eneo lake na anayepimwa hadharani, takwimu zake zikibandikwa ubaoni. Kampuni binafsi zinunuliwe kwa kazi finyu zenye mwisho unaoonekana, kama kufundisha udereva wa mitambo au uchomeleaji. Kuamua nani asaidiwe na nani asubiri kubaki mikononi mwa anayewajibika kwetu sote. Na kwa kuwa tangu 2018 tuna fao la kukosa ajira kwa wanachama wa mifuko ya hifadhi, nisingependa hata siku moja kuona kampuni yenye maslahi ikipewa neno juu ya nani aendelee kulipwa.

Wanaotetea ubinafsishaji naomba mnijibu jambo moja mahususi: katika mkataba wenu, mtu aliyeanza kushona nguo nyumbani kwake baada ya kusaidiwa atahesabiwa vipi, na nani atakwenda kuhakiki? Na mliowahi kupita kwa mawakala, wa serikali au binafsi, tuambieni mlitozwa nini na mlipata nini.