Maonyesho ya ndege: warukaji wa miamvuli watangulie jeti au wafuate? Na upepo wa kiasi gani unawazuia?

Kware_wa_Nyika:
Wakuu, salaam. Kamati yetu imepewa kazi ya ardhini kwenye maonyesho ya ndege za kijeshi, uwanja mdogo wa ndege wa bara, mita 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutakuwa na warukaji wanane wa miamvuli, mmoja na bendera kubwa, wengine na moshi mguuni, kisha helikopta na jeti mbili. Warukaji watapandia ndege uwanja mwingine ulio chini ya wetu kwa mita 300. Naomba kueleweshwa: nani atangulie, eneo la kutua tuliandaeje, na upepo ukifika wapi warukaji wazuiwe hata kama jeti zinaruka?

Mwavuli_Mraba:
Mkuu, anza na upepo, mengine yote yanaufuata. Mwavuli wa mraba husonga mbele kwa kilomita 35 hadi 45 kwa saa. Upepo wa mafundo 20 ni kilomita 37 kwa saa. Kwa hiyo mrukaji anayeukabili upepo huo husimama palepale angani, na ukizidi kidogo anarudi kinyumenyume kwenye nyaya, uzio au watu. Akiupa mgongo, kasi zote mbili zinajumlishwa. Kwa eneo lenye watazamaji, msivuke mafundo 15, mkihesabu dharuba zake na si wastani. Upepo wa mafundo 10 unaoruka ghafla hadi 18 ni mbaya kuliko 14 uliotulia. Na kiongozi wa warukaji akisema hapana, asibembelezwe na mtu yeyote, hata mgeni rasmi awe ameshaketi.

Hesabu ya kuwatoa ndegeni iko hivi. Wakitoka futi 12,500 juu ya ardhi na kufungua futi 5,000, wanaporomoka sekunde 45 hivi. Upepo wa mafundo 20 huko juu utawasukuma karibu mita 460. Mwavuli ukishafunguka wanashuka mita 5 hivi kwa sekunde, yaani dakika 5 nzima, na hapo mafundo 10 tu yanawahamisha kilomita 1.5. Kwa hiyo upepo wa chini ya futi 5,000 ndio wa kuchunguzwa zaidi, na soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa mlingotini) uwanjani haiuonyeshi.

Ndiyo sababu ndege hupita kwanza bila mtu kuruka. Inadondosha utepe wa karatasi ya krepu, urefu wa mita 6 hivi, wenye kijiti kizito upande mmoja. Ukiachiwa futi 2,000 hufika chini kwa dakika 2 hivi. Ukiangukia mita 600 magharibi ya alama ya kutua, upepo unatoka mashariki, basi kiongozi anasogeza hesabu yake mita 600 mashariki. Wekeni mtu mwenye darubini na redio aufuatilie mpaka uguse ardhi.

Mnara_wa_Bara:
Warukaji watangulie, tena asubuhi. Ardhi ikishapata joto hewa hupanda kwa mafungu na upepo huanza kuchezacheza, na bara saa sita mchana ni wakati mgumu kwa miamvuli.

Sababu ya pili ni hewa inayoachwa na ndege. Nyuma ya kila ndege kuna vimbunga viwili, kimoja kwa kila ncha ya bawa, vinavyozama polepole na kusukumwa na upepo, na vinaweza kudumu dakika kadhaa baada ya ndege kupotea machoni. Mwavuli wa mraba ni vyumba vya kitambaa vilivyojazwa hewa tu, ukikutana na kimbunga hicho hujikunja. Ukijikunja mita 30 kutoka ardhini hakuna kimo cha kuokoa kitu, hata mwavuli wa akiba hautawahi. Kwa hiyo jeti zisipite juu ya eneo la kutua mpaka mrukaji wa mwisho awe chini na idadi imethibitishwa kwa redio: wanane wametoka, wanane wametua. Helikopta nazo zibaki zimezima, rota zikiwa zimefungwa. Marekani utaona ndege ikimzunguka mrukaji mwenye bendera wakati wa wimbo wa taifa, lakini hao wamefanyia mazoezi umbali na upande wa upepo. Msiige.

NOTAM, yaani tangazo rasmi kwa marubani, itoke mapema, na simu zipigwe pia kwa kila mwenye mamlaka ya anga jirani. Aprili 20, 2022 jengo la Bunge la Marekani lilihamishwa watu kwa dharura kwa sababu ya ndege iliyobeba Golden Knights, timu ya warukaji wa miamvuli ya jeshi lao wenyewe. Walikuwa wakienda kuruka kwenye uwanja wa besiboli wa jirani, na polisi wa Bunge hawakuwa wameambiwa.

Kamba_na_Vitambaa:
Hiyo tofauti ya mita 300 ndiyo iliyonishtua, Kware. Kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe, mfano CYPRES, huchukua ardhi kuwa pale kilipowashwa. Toleo la wazoefu hufyatua karibu mita 225 juu ya ardhi kama mtu bado anaporomoka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Kikiwashwa uwanja wa chini bila kurekebishwa, mita 225 za kule ziko mita 75 ndani ya ardhi yenu. Hakitafyatua kabisa. Altimita (vipima kimo) nazo zitasoma karibu futi 1,000 mtu akiwa amesimama uwanjani kwenu. Kila kifaa kirekebishwe kabla ya kupanda ndege, na mtu wa pili akague.

Kimo chenu pia kinaongeza kasi ya miamvuli kwa asilimia 8 hivi kuliko pwani, na joto huzidisha. Tengeni mita 100 kwa 50 zisizo na nguzo wala mashimo, watazamaji wote upande mmoja nyuma ya kamba, mita 15 au zaidi kutoka ukingoni.

Moshi: kopo hufungwa kwenye kishikio cha chuma nje ya buti. La kijeshi aina ya M18 huwaka sekunde 50 hadi 90 na hubaki moto mkali baada ya moshi kuisha. Nailoni huyeyuka likigusa, nyasi kavu huwaka. Fyekeni, mwagieni maji, na kila mrukaji awe na ndoo yake ya mchanga.

Bendera huteremshwa mwavuli ukishakaguliwa, ikiwa na uzito ukingo wa chini. Inakamata upepo, hivyo mbebaji husonga mbele polepole kuliko wenzake na kikomo chake cha upepo kiwe chini ya chao. Atue peke yake. Watu wanne waidake kutoka nyuma yake, wasimkimbilie kwa mbele.

Kware_wa_Nyika:
Shukrani sana. Mawingu yakiwa chini je?

Mwavuli_Mraba:
Hawapiti ndani ya wingu. Likiwa futi 4,000 wanaweza kutoka 3,500 na kufungua mara moja, bendera na moshi vikabaki. Kubalianeni mpango huo siku ya mazoezi, pamoja na uwanja wa akiba wa kutua upande upepo unakoelekea, na gari lisubiri huko.