Pikipiki isiyosumbua au yenye roho? Na hii waranti ya nyongeza inalipa kweli?

Gia_ya_Tano

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana wiki ya tatu hii nazunguka na jambo moja kichwani na usingizi umeanza kupungua.

Nina Honda CB500X, mwaka wa sita huu niko nayo na sijawahi kuisukuma hata siku moja. Oili, filta, cheni, tairi, basi. Nikigusa stata inawaka. Shida ni kwamba nikishaipaki naondoka zangu wala sigeuki kuiangalia, yaani ni kama friji, inafanya kazi yake vizuri tu lakini nani anaipenda friji? Sasa majuzi jamaa kanipa Moto Guzzi V85 TT yake niizungushe kidogo, aisee, ile ukipiga mafuta ikiwa imesimama pikipiki nzima inaegemea kulia kama mtu anakusukuma bega, nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Nimeshuka nikabaki naikodolea macho tu.

Nimepata ya namna hiyo hiyo, mtumba wa miaka miwili, waranti ya kiwanda iko ukingoni. Muuzaji ananibana nichukue waranti ya nyongeza ya miaka miwili, bei yake ni kama tairi mbili mpya ukijumlisha na sevisi kubwa moja. Anasema hizi za Italia bila waranti utalia. Nikamuuliza kama nitalia mbona unaniuzia, akacheka tu.

Aliyewahi kutoka kwa Mjapani akaenda upande huo alijuta? Na hiyo waranti niichukue au ni kuliwa tu? Nawasilisha.

Kilomita_Laki

Kipenda roho hula nyama mbichi mkuu. Ila nyama mbichi nayo inaumiza tumbo, usije ukasema hukuambiwa.

fundi_spana14

Mkuu nikusaidie kidogo kwa upande wa chuma chenyewe maana hapa watu wanachanganya mambo mawili.

Hiyo unayoiita roho, nusu yake ni krenki tu, yaani ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni. Kwenye CB500X yako pistoni zimepishana nyuzi 180 na kuna shafti ya kusawazisha imewekwa mle ndani kazi yake ni kukuondolea mtetemo, Honda walitaka usisikie kitu na kweli husikii. Guzzi silinda zake zimekaa V ya nyuzi 90, kwa hiyo mlipuko mmoja unakuja baada ya krenki kuzunguka nyuzi 270, unaofuata baada ya 450, ndio ule mdundo wa kuchechemea ulioupenda. Na kule kuegemea pembeni ni kwa sababu krenki imelala kwa urefu wa pikipiki, ikiongeza kasi ghafla inausukuma mwili wote upande. Hakuna kitu kinachoharibika hapo, ni fizikia tu.

Na Wajapani walishalijua hili zamani. Yamaha TRX850 ya 1995 silinda zake ziko sambamba kama zako, ila krenki wakaipanga 270 ili mapigo yafanane na ya V. Leo angalia Yamaha MT-07, Honda Transalp 750, Suzuki V-Strom 800, hata Royal Enfield 650 ya Wahindi, zote 270. Kwa hiyo mtu akikwambia Mjapani hana roho muulize Mjapani yupi, maana MT-07 ina mdundo huo huo na bado huisukumi.

Kinachowaliza watu mara nyingi ni sevisi. Chukua Ducati za desmo, vali haifungwi na springi, inafungwa na roka yake (mkono mdogo wa chuma unaoisukuma), kwa hiyo kila vali ina vipimo viwili, cha kufungua na cha kufunga. Masaa ya fundi yanapanda hapo, na waranti haikulipii hata senti kwa sababu hiyo ni sevisi, ubovu ni kitu kingine. Wenyewe walivyotoa Multistrada V4 wakarudi kwenye springi, kupima vali ni kila kilomita 60,000. Sasa Guzzi unayoitaka ni rahisi kuliko zote hizo, vichwa vya silinda viko nje mbele ya magoti yako, skrubu na nati, unahitaji spana na filageji (vibati vya kupimia nafasi ya vali) tu, jioni moja umemaliza. Cheni pia hakuna, ni shafti.

Shubiri

Mimi naongelea waranti tu maana ilishanitokea puani. Jina la kampuni naliacha.

Nilinunua ya Ulaya, waranti ya kiwanda ikaisha, nikalipia ya nyongeza kwa kampuni ya bima ambayo hata haihusiani na waliotengeneza pikipiki. Mwezi wa tatu chaji ikakata njiani. Kumbe ni statori imeungua, ile koili inayozalisha umeme ndani ya injini. Nikapiga simu, wakasema kwanza pikipiki ifunguliwe ijulikane tatizo, gharama ya kufungua ni yangu mpaka wakikubali. Ikafunguliwa. Wakatuma mtu, akaangalia soketi ya waya imeshika kutu kidogo, akaandika chanzo ni kutu, kutu ni kuchakaa, kuchakaa hakulipwi. Nimebishana nao wiki mbili halafu nikalipa mwenyewe, spea yenyewe imekuja baada ya wiki saba na msimu mzuri wa kuendesha ukawa umeisha. Hata wangelipa, hizo wiki saba nani angenirudishia??

dada_wa_redline

Pole Shubiri, ila sio zote ziko hivyo. Yangu niliichukua kwa waliotengeneza pikipiki wenyewe, ni kama waranti ya kiwanda imeongezwa muda, masharti yale yale. Mwaka wa nne dashibodi ikazima kabisa, giza, halafu taa ya ABS (mfumo wa kuzuia breki zisikwame) ikagoma kuzimika. Wakabadilisha dashibodi na pampu ya ABS, nikaonyeshwa bili ni zaidi ya mara tatu ya nilichowalipa. Bila hiyo karatasi ningeiuza kama ilivyo.

Kwa hiyo Gia ninachokushauri usimuulize muuzaji kama waranti ni nzuri (ana kamisheni yake humo, atakujibu nini), omba mkataba wenyewe uende nao nyumbani. Angalia nani analipa, mtengenezaji au bima ya pembeni. Angalia ukomo wa kila dai, na kiasi cha kwanza unachojilipia mwenyewe kila ukidai. Angalia kama ukiuza pikipiki waranti inahamia kwa mnunuzi, hiyo nayo ni pesa. Na kama wanataka sevisi zote kwa wakala wao, jumlisha gharama ya hizo sevisi kwenye bei ya waranti, usidanganyike na namba ya kwanza. Ekzosi iliyobadilishwa na programu ya injini iliyochezewa ndio watakazokukamatia mapema sana.

Namba_Hazidanganyi

Dada umeongea. Niongeze kitu kimoja, vitu vinakufa mapema sana au vinakufa vikishazeeka. Vya mapema vilishalipwa na waranti ya kiwanda. Vya uzee, yaani klachi, beringi, sili, betri, pedi za breki, mkataba umeviita kuchakaa ukavitoa. Wewe unanunua ile miaka ya katikati ambayo pikipiki ndio imetulia kuliko wakati wowote.

Ila kuhusu roho, mwaka 2015 jarida la Consumer Reports la Marekani waliuliza wasomaji wao wenye pikipiki, wakakadiria pikipiki za miaka minne zilizopata ubovu. Yamaha 11%, Suzuki na Honda 12%, Kawasaki 15%, Harley 26%, Triumph 29%, Ducati 33%, BMW 40%. Zimepita siku nyingi na Guzzi hawakuwemo, usizichukue kama msahafu. Kilichonichekesha ni swali la pili, ungeinunua tena? Harley 72% walisema ndiyo kabisa, wakawapita wenye Yamaha ambazo haziharibiki sana. Watu wanasamehe.

Kilomita_Laki

Wanasamehe au wanaona aibu kukiri 😂

fundi_spana14

Vyote viwili mzee.

Shubiri suala lako la chaji liwasaidie na wengine. Rektifaya nyingi za pikipiki (kifaa kinachorekebisha umeme unaoenda kwenye betri) umeme uliozidi zinaurudisha kwenye statori wenyewe unageuka joto, na rektifaya ikiwa imefichwa sehemu isiyopata upepo vyote viwili vinajipika polepole. Kabla hujanunua mtumba wowote chukua mita ya volti, weka kwenye betri, washa, panda mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika. Ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.5 endelea na maisha. Ikibaki chini ya 13 au ikavuka 15 kuna mtu anakuuzia tatizo lake. Na soketi zote fungua, zisiwe zimebadilika rangi. Dakika kumi tu hizo.

Gia_ya_Tano

Asanteni sana, nimerudi na mrejesho.

Nimeenda na mita, ikasoma 14.2, soketi safi. Muuzaji akaniuliza wewe ni fundi, nikanyamaza. Halafu nikaomba mkataba wa waranti, akanipa kipeperushi. Nikasema hapana, mkataba. Ilimchukua siku mbili kuupata. Ni bima ya pembeni, sevisi zote kwao, na kwenye ukurasa wa tano wametoa "uharibifu unaotokana na mtetemo". Wakuu, mtetemo!! Kwenye Guzzi!! Nimeusoma mara tatu nikidhani macho yananidanganya.

Waranti nimeikataa. Nikamwambia ashushe bei kidogo kwa kuwa anasema nitalia, akashusha, hiyo tofauti nimeiweka pembeni kwenye akaunti ya peke yake, nitaongezea kila mwezi, isipoharibika ni yangu, ikiharibika nishajipanga na hakuna wa kuniambia habari za kutu. Ingekuwa ni moja ya hizi zenye rada na skrini kubwa kama tablet na waranti ni ya kiwanda chenyewe, kwa alichosema dada ningelipa.

Pikipiki naichukua kesho. CB500X siuzi kwanza, nawajua Waitaliano kwa sifa tu bado, kuna siku nitahitaji kufika kazini.

Mwendo_Pole

Mkuu friji ukija kuiuza nicheki PM.