Naomba ushauri: kununua hisa katika ndege ya mashindano aina ya T-6

Ndugu wanachama, habari za kazi. Mimi ni fundi wa ndege ninayeishi Nevada, Marekani, na ninayo pia leseni ya urubani. Rafiki yangu ananiuzia robo ya hisa za T-6 Texan, ndege ya viti viwili iliyofundishia marubani wengi wa Vita Kuu ya Pili, ili tushiriki mbio za ndege za kuzunguka nguzo huko Roswell, jimbo la New Mexico, ambako mashindano hayo yalihamia baada ya kuagwa Reno, Nevada, mwaka 2023.

Daraja hili la mashindano, la ndege za T-6, linanivutia kwa sababu injini haichezewi ovyo: wote hutumia Pratt & Whitney ya silinda 9 zilizopangwa duara na nguvu za farasi 600, hivyo ushindi hutafutwa kwa kuziba mianya ya bodi, kung'arisha bati na kukata kona karibu na nguzo bila kupita upande wake wa ndani.

Wasiwasi wangu ni injini yenyewe. Oili kuvuja kwenye silinda za chini hakunishtui, maana injini hizi zote hulia machozi. Lakini juma lililopita nilifungua chujio la oili nikakuta chembe laini zinazonasa kwenye sumaku, yaani za chuma, ambazo huweza kuwa dalili ya sehemu inayosagika ndani ya injini. Rafiki yangu anayeniuzia anasema ni mabaki ya ukarabati wa karibuni, maelezo ambayo, kwa kweli, hayajaniridhisha.

Je, nidai silinda zifunguliwe kabla ya kutia saini, au saa 10 za kuruka na chujio jipya zinatosha kubaini ukweli? Na gharama za uchunguzi huo abebe nani?